UZI: Fosforasi ipo shambani kwako ila imefungwa, mizizi inaifungua vipi? (Wenye udongo mwekundu karibuni)

Mzawa wa Lupembe

Habari za jioni wakuu. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu nikisema ntaiandika nikipata nafasi, leo mvua imetufungia ndani kwa hiyo naishusha yote. Mwenye haraka apitie juu juu ila mwenye shamba la udongo mwekundu namuomba asome mpaka chini maana hii kitu imenitesa misimu mitatu.

Nianze na kilichonikuta. Nalima mahindi na maharage huku Njombe upande wa Lupembe, ardhi ya marehemu mzee, imelimwa tangu mi nikiwa mdogo. Msimu ule mbegu nilinunua nzuri, mbolea ya kupandia ya DAP niliweka, mvua ilikuwepo, lakini kufika wiki ya nne mahindi yakaanza kugeuka zambarau, majani ya chini kwanza, rangi inaanzia nchani inaingia ndani kwa pembeni, na shina pale karibu na ardhi limekolea kama limepakwa bitiruti. Yakadumaa hapo hapo. Jirani akasema ni baridi tu itapita (na kweli baridi huleta rangi hiyo kwa muda), mwingine akasema umeuziwa mbolea feki. Nikachota udongo nikapeleka maabara, majibu yakaja pH 4.8 (yaani udongo una asidi kali), fosforasi ya kutumiwa na mmea "chini sana". Nikamuuliza yule mtaalamu, sasa DAP zote nilizomwaga miaka yote hii zimekwenda wapi? Akanijibu neno moja: zipo.

Zipo humo humo shambani. Hilo neno ndo limenifanya nianze kusoma na kuuliza watu mpaka leo.

Tupige hesabu kidogo. Ekari moja, udongo wa juu sentimita 20, ni kama kilo laki tisa mpaka milioni moja za udongo. Udongo wenye fosforasi jumla miligramu 500 kwa kila kilo ni udongo wa kawaida tu, sio tajiri. Zidisha, unapata kilo 450 mpaka 500 za fosforasi kwenye ekari yako. Sasa mfuko wa DAP wa kilo 50 una fosforasi halisi kama kilo 10 (ile asilimia 46 ya kwenye mfuko inahesabiwa kama P2O5, yaani fosforasi ikiwa pamoja na oksijeni, ukitaka fosforasi yenyewe unazidisha kwa 0.44). Na mahindi yakibeba tani moja ya punje yanaondoka na kama kilo 3 hivi. Yaani umesimama juu ya mamia ya kilo na zao linahitaji kilo sita au kumi, na bado linakufa njaa.

Sababu ni kwamba ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, ambayo ndo mzizi unaweza kuinywa, wakati wowote ule ni chini ya kilo moja kwa ekari, mara nyingi chini sana ya hapo. Iliyobaki imeshikwa. Kwenye udongo wetu mwekundu ule wekundu wenyewe ni kutu, ni chuma, na pamoja na chuma kuna aluminiamu, na hawa wawili wanaikamata fosfati, ndo umbo ambalo fosforasi inakaa nalo udongoni, kama kupe kwenye ng'ombe. Ukitia DAP inayeyuka vizuri tu, ila mahindi yenyewe msimu huo yanaambulia kama asilimia 10 mpaka 20, kubwa lote linang'ang'aniwa na udongo. Wenzetu wa udongo wenye chokaa nyingi kama kwenye mabonde makavu, kwao anayekamata ni kalsiamu. Katikati, pH kama 6 mpaka 7, ndo kuna nafuu.

Jambo la pili ambalo wengi hatulijui, fosforasi haitembei. Naitrojeni ile ya naitreti inakuja na maji, mmea ukivuta maji inafika yenyewe. Fosfati inasogea milimita chache kwa msimu mzima. Kwa hiyo mzizi ukishamaliza iliyo karibu yake, eneo la milimita moja au mbili kuzunguka, panabaki peupe. Iliyo sentimita moja pembeni ni kama iko wilaya nyingine. Mzizi lazima uifuate, au utume mtu.

Na hapo ndo utamu ulipo. Mmea ukiona fosforasi imepungua unabadilika kabisa tabia. Unapunguza kukua juu, chakula unakishusha chini, mizizi inaongezeka. Vile vinyweleo vya mzizi vinakuwa virefu na vingi, kila kimoja kina unene wa mikroni kama 10, mia moja hivi ukivipanga ubavu kwa ubavu ndo unapata milimita moja. Ng'oa mche wa maharage taratibu kwa jembe bila kuuvuta, ukung'ute kidogo. Utaona udongo umebaki umeganda kwenye mzizi kama soksi, ukitikisa hautoki. Ile soksi imeshikwa na vinyweleo. Mche ambao mizizi inatoka mitupu imeteleza kama tambi huo hauna mikono ya kutosha.

Halafu kuna asidi. Mzizi unamwaga nje asidi za aina ya sitreti na maleti, hizi zinaenda kumkamata chuma na aluminiamu, na yule akishikwa anaiachia fosfati. Zingine zinagombea nafasi na fosfati pale pale ilipokaa, inabanduka. Mzizi pia unatoa vimeng'enya vinavyoitwa fosfatasi, kazi yake ni kukata fosforasi iliyofungwa kwenye mabaki ya mimea na samadi, na hiyo sio ndogo, kwenye udongo mwingi ni theluthi moja mpaka nusu na zaidi ya fosforasi yote.

Sasa mazao hayalingani, na hapa ndo nataka tuongee. Kuna zao linajua kufungua na kuna zao linangojea kufunguliwa. Tukijua nani ni nani tunaweza kupanga shamba vizuri zaidi na mbolea yetu ya bei mbaya isiishie kulisha kutu. Karibuni.

mama_kibena

Asante sana kaka, umenifungua macho. Mi swali langu fupi, ina maana tuache kununua DAP?

Mzawa wa Lupembe

Hapana dada, hapana kabisa, na nashukuru umeuliza mapema kabla mtu hajaondoka na wazo hilo. Mzizi kufungua ni kutoa kwenye akiba. Ukivuna gunia ukaliuza Makambako, fosforasi imepanda lori imeenda na haijarudi. Akiba ya kilo 450 haimaanishi zote zitafunguka, nyingine imezama ndani ya madini haitoki leo wala kesho. Kwa hiyo kurudisha lazima, iwe mbolea iwe samadi iwe majivu. Ninachosema ni kwamba ukiweka DAP uiweke ikiwa imekusanyika karibu na mbegu, kwenye shimo au mstari, kama sentimita 5 pembeni. Ukiimwaga shamba zima unaikutanisha na chuma yote ya shamba, inashikwa yote. Ukiikusanya sehemu moja chuma ya pale inashiba na inayobaki ni ya mahindi.

Kijana wa Gallapo

Mkuu mi niko Babati, na mgodi wa Minjingu uko mkoa wetu huu huu. Kuna msimu niliweka ule unga wa fosfati wenyewe kwenye shamba langu la bondeni, mahindi hayakuonyesha tofauti yoyote nikaona nimetupa hela. Lakini shemeji yangu yuko Mbozi anaapa nao. Sasa nani mkweli?

Mzawa wa Lupembe

Wote wakweli mkuu, na hili ni la muhimu sana ngoja nilieleze vizuri.

Fosfati ya Minjingu sio kama DAP. Ni mwamba uliosagwa. Ule mwamba ulitokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwani, zamani ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, yakajikusanya kwenye matope ya ziwa. Wameujua tangu 1956. Kwa sababu asili yake ni hiyo ya viumbe, uko laini na unakubali kuyeyuka, tofauti na ule wa Panda Hill pale Mbeya ambao asili yake ni ya moto wa volkano, huo ni mgumu sana, au wa Sukulu na Busumbu kule Uganda nao ni wa jamii hiyo hiyo ya volkano.

Ila hata Minjingu inataka asidi. Kemia yake ni rahisi, fosfati imeshikana na kalsiamu, na ili iachie lazima ipate haidrojeni ile ya asidi, na kalsiamu inayotoka iondolewe. Udongo wa pH 4.8 kama wangu asidi ipo ya bure, kalsiamu haipo, mwamba unayeyuka. Udongo wa bondeni kwenu huko Babati pengine una pH 7 na zaidi na kalsiamu imejaa, mwamba unakaa tu kama mchanga. Pima pH kwanza. Chini ya 5.5 hivi tumia mwamba bila wasiwasi, juu ya hapo nunua iliyoyeyushwa kama TSP au DAP.

Na uwekaji wake ni kinyume na DAP. Unga wa mwamba unatakiwa usambazwe na kuchanganywa na udongo ukutane na asidi nyingi. Kosa lingine ambalo nimeliona kwa watu wengi huku, anaweka chokaa na unga wa Minjingu siku moja. Chokaa inaua ile asidi ambayo mwamba ulikuwa unaitegemea. Tanguliza mwamba, upe muda, chokaa ije baadaye.

Kijana wa Gallapo

Dah. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Nashukuru sana mkuu.

jatelo_siaya

Salamu kutoka Siaya. Hii thread ni poa sana, wacha nichangie ya kwetu. Huku Western Kenya udongo ni hivyo hivyo, mwekundu, na P (fosforasi) iko chini. Miaka ya tisini watafiti wa ICRAF (shirika la kimataifa la kilimo mseto cha miti) pamoja na KEFRI na KARI (taasisi za Kenya za utafiti wa misitu na wa kilimo) walikuwa Maseno wakafanya kazi na wakulima wetu na mmea ule wa maua ya njano unamea kwa fensi na kando ya barabara, tithonia, watu wa huku wanajua ni mchungu sana ng'ombe hata hataki. Wakapima majani yake, makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi 0.37, potashiamu 4.1. Hiyo ni nyingi kwa majani tu ya bure. Tunakata matawi laini, tunakatakata na panga, tunafukia kabla ya kupanda. Inaoza haraka, within wiki chache imeisha.

Lakini nakubaliana na wewe, tithonia haitengenezi P, inaitoa tu pahali ilikuwa kwa fensi inaileta kwa shamba. Ukikata fensi hiyo hiyo kila msimu nayo itachoka. Na kazi ya kubeba ni nyingi, mama yangu mgongo ulimuuma. Sisi tunaweka kidogo pamoja na mbolea ya duka, zikienda pamoja zinasaidiana vizuri.

Mzawa wa Lupembe

Karibu sana ndugu yetu wa Siaya. Huku kwetu tunaita alizeti pori, iko imejaa tu barabarani. Na umegusa jambo, majani yakioza yanatoa asidi zinazoziba zile nafasi kwenye chuma, fosfati ya mbolea ikija inakuta viti vimekaliwa. Samadi nayo inafanya hivyo hivyo.

Halafu kwenu kuna lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, kayongo si ndiyo? Sisi tunaliita kiduha. Naomba niliingize hapa maana nilipojua uhusiano wake na fosforasi nilikaa kimya dakika nzima.

Mzizi wa mahindi ukikosa fosforasi unatoa kemikali inaitwa strigolaktoni, kidogo sana, inavuja kwenye udongo. Ni wito. Unawaita fangasi wazuri wa kwenye udongo, maikoraiza, ambao wanaingia ndani ya mzizi na kutuma nyuzi zao nje sentimita kadhaa, nyembamba kuliko hata kinyweleo, zinapenya pale mzizi usipofika, zinaleta fosforasi na mmea unawalipa sukari. Hii ndoa ina zaidi ya miaka milioni 400, na mimea mingi ya nchi kavu inayo. Ni mwaka 2005 ndo ilikuja kuthibitika kwamba strigolaktoni ni wito kwa fangasi.

Lakini kemikali yenyewe ilijulikana tangu 1966, na ilijulikana kwa ubaya, kama kitu kinachoamsha mbegu za kiduha. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi, inaweza kulala kwenye udongo miaka kumi na zaidi, haioti mpaka isikie mzizi uko jirani. Kumbe inasikiliza wito usio wake! Mahindi yanaita msaada, mwizi anasikia anakuja. Ndo maana shamba lililochoka, lenye njaa ya fosforasi, ndo kiduha kinapiga zaidi, kwa sababu mahindi yenye njaa yanaita kwa sauti.

jatelo_siaya

Woiye. Sasa naelewa kwa nini shosho alikuwa anasema kayongo inapenda shamba ya maskini. Kwetu pale boma karibu na zizi haikuwahi kumea, inamea kule mbali penye samadi haifiki.

Mtafiti Mstaafu

Wanangu salaam. Nimesoma yote na nimefurahi, niongeze mawili matatu kwa kuwa nimekaa kwenye hizi kazi miaka mingi.

La kwanza ni mbaazi. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya maeneo makavu kule Hyderabad, India, wakiongozwa na Mjapani Noriharu Ae, walionyesha kwamba mbaazi inaweza kutumia fosforasi iliyoshikwa na chuma, ambayo mtama na mahindi na soya hawakuweza kuigusa vizuri. Walichokikuta ni kwamba mizizi ya mbaazi inatoa asidi inaitwa ya pisidiki na jamaa zake, ambayo inamshika chuma moja kwa moja. Kwa miaka mingi wakulima wa India walikuwa wanachanganya mtama na mbaazi na wazee walijua tu kwamba shamba halichoki upesi. Sasa sababu mojawapo ikajulikana. Hapa kwetu Babati, Kondoa, Mtwara na Lindi mnachanganya mahindi na mbaazi tangu zamani, msiache. Majani yake yakidondoka, ile fosforasi iliyofunguliwa inarudi juu ya ardhi ikiwa kwenye hali ambayo mahindi ya mwakani yanaweza kuitumia. Kwa Njombe baridi ni kali mno kwa mbaazi, hilo nakiri.

La pili, kwenye udongo wa chokaa kuna kazi ya Wachina, mkoa wa Gansu, ilitoka 2007. Walipanda mahindi na maharage mapana kwenye shamba moja miaka 4, udongo una naitrojeni ya kutosha lakini fosforasi kidogo. Mahindi yalizidi kwa asilimia 43 na maharage kwa asilimia 26 kulinganisha na yakipandwa kila moja peke yake. Mizizi ya maharage inatia asidi udongo ulio karibu nayo, kalsiamu inaachia fosfati, na mahindi aliyeko jirani anakula. Jamii ya kunde ikijitengenezea naitrojeni yenyewe hutoa haidrojeni nje kupitia mizizi, ndiyo sababu.

Kwa hiyo mtu akikwambia kilimo mseto ni cha kizamani, mwambie mizizi inaongea chini. Lakini lazima mistari iwe karibu. Asidi hii nayo haisafiri, ukiacha mita moja na nusu kati ya mahindi na mbaazi hakuna wanachogawana chini ya ardhi.

Mzawa wa Lupembe

Shikamoo mzee. Hii ya umbali wa mistari sikuwa nimeifikiria kabisa. Msimu huu maharage yangu niliyaweka mstari wake mbali ili palizi iwe rahisi. Nitayasogeza.

Mtafiti Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sogeza, na kama unaweza panda maharage yenye mizizi ya juu juu. Fosforasi nyingi iko sentimita za juu za udongo kwa sababu ndipo mabaki yanapodondokea na ndipo mbolea inapowekwa. Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na wenzake wa Msumbiji wamelishughulikia hili kwenye maharage kwa miaka mingi. Waliona maharage ambayo mizizi yake ya pembeni inatambaa usawa badala ya kuzama, na yakiwa na vinyweleo virefu, yanakua vizuri zaidi kwenye udongo maskini. Kila sifa peke yake ilisaidia, lakini zikikutana faida ilizidi jumla ya zote mbili. Ubaya wake, ukame ukija mzizi wa juu unateseka kwanza. Huwezi kupata vyote.

kabeji_king

Wadau na sisi wa bustani je? Nalima kabeji, sukuma na mchicha, hawa fangasi nanunua wapi niwaweke?

Mzawa wa Lupembe

Mkuu usinunue. Kabeji na sukuma ni jamii moja, hawakubali maikoraiza kabisa, mchicha na spinachi nao hivyo hivyo. Wanajitegemea na mizizi yao, kwa hiyo kwako wewe samadi iliyoiva na mbolea ndo mpango. Ila angalia mzunguko wako, ukilima kabeji misimu mitatu mfululizo fangasi wa udongoni wanapungua kwa kukosa mwenyeji, halafu ukiweka kitunguu hapo kinateseka, maana kitunguu karibu hakina vinyweleo, kinawategemea sana hao fangasi. Mhogo nao ni hivyo, watu wanasema mhogo haulagi mbolea unastawi kwenye udongo mbovu, ukweli ni kwamba una rafiki chini. Kitu kingine kinachowaumiza hao fangasi ni kulima lima na kugeuza udongo kila mara, nyuzi zinakatika, na pia ukimwaga fosforasi nyingi kupita kiasi mmea unaona hauna haja ya kuwalipa sukari unawafungia mlango.

Zile chupa za bakteria wa kuyeyusha fosfati nazo nimeulizwa inbox. Bakteria wa namna hiyo wapo kweli, na kwenye sahani ya maabara wanaonekana wakiyeyusha. Shambani matokeo yanapanda na kushuka sana, maana wanakuta wenyeji wengi wenye njaa. Mi hela hiyo ningenunua samadi ya kuku. Na sababu ya kuku ni hii, fosforasi ya kwenye mahindi na soya nyingi imehifadhiwa kwenye umbo linaitwa fiteti, kuku hawezi kuikata vizuri tumboni, inapita. Ndo maana mbolea ya kuku ina fosforasi nyingi kuliko ya ng'ombe. Ikifika udongoni vimeng'enya vya mizizi na vya vijidudu vinamalizia kuikata.

mama_kibena

Kaka samahani nirudi tena. Mi nina parachichi nimepanda kando ya mstari wa migrevilea aliyoiacha baba mkwe, kila mtu ananiambia niikate inakula rutuba. Wewe unaonaje?

Mzawa wa Lupembe

Dada hapo umenipa raha maana mgrevilea ndo mti ninaoupenda kuliko yote kwenye hii habari.

Mgrevilea asili yake ni Australia, ukoo wake ni mmoja na makadamia. Ukoo huo umekulia kwenye udongo maskini kuliko wote duniani, na wao wengi hawategemei fangasi hao. Wamejitengenezea mizizi ya kishada. Fanya hivi, mvua ikishanyesha wiki kadhaa nenda chini ya mti, funua yale majani makavu taratibu kwa mkono, usitumie jembe. Kati ya majani yaliyoanza kuoza na udongo utaona vimizizi vifupi sana vimepangana kwa wingi kuzunguka mzizi mmoja, mfano wa ile brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Kile kishada kinaishi muda mfupi tu, wiki chache, lakini kwa siku chache tu katika uhai huo kinamwaga asidi kwa mkupuo, sehemu moja, kwa nguvu, inachanganua udongo uliokizunguka. Lupini nyeupe, ambayo ni jamii ya kunde, nayo inafanya hivyo, imewahi kupimwa ikikutwa sitreti iliyomwagwa ni kama asilimia 23 ya uzito mkavu wa mmea wenyewe. Hebu fikiria robo ya jasho lako unaimwaga chini ili upate madini.

Kwa hiyo mti unakula kweli, hasa maji wakati wa kiangazi, na parachichi changa lisiwe chini ya kivuli chake. Lakini usikate. Punguzia matawi, majani yaweke kwenye mashina ya parachichi yakaoze hapo. Na ukiwa na makadamia kumbuka ukoo huu hauvumilii fosforasi ya kumwagiwa, umezoea kuitafuta, ukizidisha mbolea yenye fosforasi majani yanaanza kuwa ya njano kwa kukosa chuma.

Kijana wa Gallapo

Mkuu nimalizie swali moja, sampuli ya udongo nachukuaje? Maana nataka nipime mashamba yote mawili, la bondeni na la mlimani.

Mzawa wa Lupembe

Kila shamba peke yake, usichanganye bondeni na mlimani. Pita zigizagi, chimba sehemu 15 mpaka 20, kila sehemu sentimita 20 kwenda chini, ruka njia, zizi, na pale ulipochomea takataka. Tia kwenye ndoo safi ya plastiki, changanya vizuri, chota nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba. Omba pH na fosforasi. Na waambie udongo wako unakotoka, kwa udongo wa asidi wanatumia njia ya Bray na kwa udongo wa magadi na chokaa wanatumia ya Olsen, wakitumia isiyofaa namba itakudanganya.

mama_kibena

Kaka nimerudi. Jana mvua ilikatika saa kumi nikaenda na mwanangu wa darasa la tano chini ya migrevilea, tukafunua majani kwa mikono kama ulivyosema. Mti wa kwanza hatukuona kitu. Wa pili karibu na mtaro, pale majani yamelala mengi, vipo! Vyeupe kwa rangi ya maziwa, vimejaa kama brashi kweli, na vingine vya kahawia vimeshachoka. Mtoto alijaribu kutoa kimoja, jani lililooza likaja nalo limeng'ang'ania, hakuweza kuvitenganisha. Tumevifunika tena. Picha nimepiga ila mwanga ulikuwa umeisha, kesho nikipita tena nitaiweka hapa muione.